Mama Aseme, Mhudumu Aulize: Wito Kuhusu Picha za Hospitali Wakati wa Ujauzito



Kwenye mlango wa kila chumba cha eksirei, kuanzia Mombasa hadi Kigoma, kuna swali ambalo kila mwanamke wa umri wa kuzaa anapaswa kuulizwa kabla hajapigwa picha: je, una mimba? Swali ni fupi, na jibu lake ni fupi zaidi. Lakini hapo ndipo tunapokosea mara mbili. Kuna mama anayeficha, akapigwa picha ambayo ingeweza kusubiri au kubadilishwa. Na kuna mama anayesema kweli, kisha yeye mwenyewe au mhudumu akaingiwa na hofu, picha iliyohitajika ikaachwa, na maradhi yakaendelea kuwala watu wawili kwa mpigo. Nawaandikia kuomba jambo moja: mama aseme, mhudumu aulize kwa staha, na baada ya hapo uamuzi tuuachie ujuzi, tusiuachie woga.

Tazameni jinsi swali hilo linavyoulizwa mara nyingi. Korido imejaa, mabenchi hayatoshi, wengine wamesimama wameegemea ukuta. Mhudumu anachungulia mlangoni akiwa na fomu mkononi, anaita jina, na papo hapo, mbele ya kadamnasi, anatupa swali: "Wewe, huna mimba?" Anayeulizwa ni binti wa miaka kumi na saba aliyeanguka na bodaboda, kifundo cha mguu kimevimba, na pembeni yake ameketi mama yake mzazi. Mnategemea atajibu nini? Anatikisa kichwa. Angekitikisa hata kama ana mimba ya miezi mitatu. Juu yake kuna bango la tahadhari, pembetatu ya njano yenye alama nyeusi ya mionzi, na chini yake maneno ya Kiingereza yaliyopauka yanayowataka wajawazito watoe taarifa. Fomu inawekewa alama ya vema, na kazi inaendelea. Kwa karatasi, swali limejibiwa. Kwa kweli, hakuna aliyejua lolote.

Tusimlaumu binti, wala tusimlaumu mhudumu ambaye ana wagonjwa arobaini nje ya mlango wake. Tuyaelewe mambo yenyewe kwanza, kwa sababu aibu ya upande mmoja na haraka ya upande wa pili vyote hustawi pale elimu inapokosekana.

Tuanze kwa kutenganisha vifaa, maana huku mitaani vyote vimetiwa kapu moja. Ultrasaundi haitumii mionzi. Inatumia mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Yanaingia mwilini, yanagonga viungo na kurudi, na mashine inageuza mwangwi huo kuwa picha. MRI nayo haina mionzi ya aina ya eksirei. Kazi yake hufanywa na sumaku yenye nguvu kubwa pamoja na mawimbi ya redio. Eksirei na CT ndizo zenye mionzi inayoweza kuathiri chembe hai za mwili, na kwa kawaida CT hutoa mionzi mingi zaidi kwa sababu humzunguka mgonjwa ikimpiga kutoka pande nyingi. Mwaka 2017 chuo cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani kilitoa mwongozo uliozitaja ultrasaundi na MRI kuwa vipimo vya kutanguliza kwa mjamzito. Mwongozo huohuo ukaongeza jambo ambalo wengi hawalisikii: eksirei na CT, isipokuwa mara chache, humfikishia mtoto tumboni kiasi cha mionzi kilicho chini sana ya kile kinachojulikana kuleta madhara, kwa hiyo mjamzito asinyimwe pale anapozihitaji.

Kiasi hicho hupimwa kwa miligrei. Mionzi ya asili ipo kila mahali, kwenye udongo, mawe, anga na hata chakula, na katika miezi tisa mtoto wa mama ambaye hajawahi kupigwa picha yoyote hupata kati ya nusu miligrei na miligrei 1. Sasa linganisheni. Eksirei ya kifua humfikishia mtoto aliye tumboni kiasi kisichozidi miligrei 0.01. Ya mguu au mkono ni chini ya miligrei 0.001. CT ya kichwa nayo haizidi miligrei 0.01, kwa kuwa miali inapita mbali na mji wa mimba. Yule binti wa bodaboda, hata angekuwa mjamzito, picha ya kifundo chake isingemdhuru mtoto. Alichokosa ni nafasi ya kusema ili daktari ajue anamtibu nani, ampe dawa za maumivu zinazofaa, na asimpeleke kwenye picha ya nyonga bila kufikiri mara mbili.

Mambo hubadilika picha inaposhuka tumboni. Eksirei ya tumbo humpa mtoto kati ya miligrei 0.1 na 3. CT ya tumbo yaweza kufika 35, na ya nyonga ikafika 50. Hapo tahadhari ina maana, kwa sababu mpigaji anaweza kupunguza nguvu ya mashine, kupunguza idadi ya picha, au kurudi kwa daktari kuuliza kama ultrasaundi haiwezi kutoa jibu lilelile. Hata hivyo, madhara kama ulemavu wa viungo au kudumaa kwa akili hayajaonekana chini ya miligrei 50. Tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, ICRP, ilitamka mwaka 2000 kwamba kiasi kilicho chini ya miligrei 100 kisiwe sababu ya kutoa mimba. Wakati nao una uzito wake. Viungo hujengeka katika wiki nane za mwanzo, na ubongo huwa dhaifu zaidi mbele ya mionzi kati ya wiki ya 8 na ya 15. Hili la ubongo lilijulikana kwa kuwafuatilia watoto waliokuwa matumboni mwa mama zao Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, watu waliopigwa na mionzi ya bomu, mingi kupita kiasi.

Tahadhari hii haikutoka hewani. Katika miaka ya 1950 huko Oxford, Uingereza, daktari Alice Stewart alitaka kujua kwa nini saratani ya damu ilikuwa inawaua watoto wengi. Alichofanya ni kuwauliza mama waliofiwa. Dodoso lilipita nchi nzima, likiwauliza kinamama walikula nini, waliugua nini, walifanyiwa nini wakiwa wajawazito. Majibu yakaonyesha kwamba mama waliopigwa eksirei ya tumbo wakati wa mimba, jambo lililokuwa la kawaida siku hizo ili kupima nyonga, walikuwa wengi karibu maradufu miongoni mwa waliopoteza watoto kwa saratani kuliko miongoni mwa mama wengine. Taarifa ya kwanza ilitoka mwaka 1956 na utafiti kamili mwaka 1958. Madaktari wengi walimpinga kwa miaka, lakini mwishowe desturi ile ikaachwa. Mionzi ya mashine za enzi hizo ilikuwa mingi kuliko ya leo, na hatari kwa mtoto mmoja mmoja ilikuwa ndogo hata wakati ule, kwa sababu saratani ya utotoni ni nadra. Lakini jibu lilikuwa vinywani mwa kinamama muda wote. Lilihitaji mtu wa kuwauliza na kuwasikiliza.

Mwaka uleule wa 1958, huko Glasgow, profesa Ian Donald na wenzake walichapisha makala yaliyoonyesha picha za ultrasaundi za matumbo ya wanawake, zikiwamo za watoto ambao hawajazaliwa. Donald alikuwa amekwenda kwenye kiwanda cha matangi ya mvuke akiwa na uvimbe uliotolewa mwilini mwa wagonjwa, ili ajaribu mashine ambayo mafundi waliitumia kutafuta nyufa kwenye chuma. Kutokana na kifaa hicho cha kiwandani tukapata njia ya kumwona mtoto bila kumgusa kwa mionzi. Leo Shirika la Afya Duniani linataka kila mjamzito apate angalau ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, ili umri wa mimba ujulikane vizuri, mapacha watambuliwe mapema, na kasoro za ukuaji zionekane kukiwa bado kuna nafasi ya kujipanga.

Baada ya tahadhari, tuutazame woga, maana nao una maafa yake. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka Aprili 1986, wingu lake lilisambaa Ulaya. Ugiriki iko mbali, na mionzi iliyofika huko ilikuwa kidogo mno kuweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini uvumi ulikwenda kasi kuliko wingu, na baadhi ya madaktari wakawashauri wajawazito vibaya. Mwaka 1987 watafiti wa nchi hiyo walikadiria kwamba mimba zipatazo 2,500, za watoto waliokuwa wanatakiwa na wazazi wao, zilitolewa kwa hofu. Mionzi haikuwaua watoto hao. Waliuawa na jibu baya la swali lililoulizwa kwa wasiwasi.

Kwetu hofu hiyo inafanya kazi polepole. Mama anakohoa kwa wiki ya tatu, anatoka jasho usiku, uzito haupandi ingawa mimba inakua. Makohozi hayajatoa jibu, daktari anaagiza picha ya kifua, na mtu nyumbani anasema, "Usikubali, utamchoma mtoto." Kifua kikuu kinabaki bila kutajwa jina. Kifua kikuu kisichotibiwa huzaa watoto njiti, huzaa watoto wenye uzito mdogo, na huweza kumuua mama na kumwambukiza mtoto. Picha aliyoikataa ingemfikishia mtoto mionzi michache kuliko ile anayoipata kwa kukaa tumboni wiki moja tu hapa duniani. Vivyo hivyo kwa mama aliyebanwa na pumzi ghafla, mguu mmoja umevimba, na daktari anashuku damu imeganda na kuziba mishipa ya mapafu. CT ya kifua humpa mtoto chini ya miligrei 1. Kuganda huko kunaweza kumuua mama kabla ya jioni, na mtoto hawezi kubaki hai bila mama.

Yapo machache ya kukataa au kusubirisha, na ni vizuri yajulikane kwa majina. Iodini yenye mionzi inayotumika kutibu tezi ya shingo hairuhusiwi kwa mjamzito, kwa sababu hupita kwenye kondo la nyuma, na tezi ya mtoto huanza kuifyonza mimba inapokaribia miezi mitatu. Dawa ya gadolini inayochomwa mshipani ili kung'arisha picha za MRI nayo huepukwa, isipokuwa pale ambapo bila hiyo hakuna jibu la maana. Na ultrasaundi, pamoja na usalama wake, ni kipimo cha kitabibu. Mawimbi yake hupasha joto kidogo, ndiyo maana wataalamu hupunguza muda na nguvu, hasa kwa mimba changa. Kurudiarudia kila mwezi kwa ajili ya video ya kuwatumia marafiki au kwa kubahatisha jinsia si matumizi mazuri ya pesa wala ya mashine.

Basi nawageukieni, mmoja baada ya mwingine.

Mama, na wewe binti ambaye siku zako zimechelewa na hujamwambia mtu: sema kabla ya picha. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mahali pa kuukumbuka usemi huo ni hospitalini. Kama korido imejaa, omba kuongea pembeni. Taja tarehe ya hedhi yako ya mwisho, hata kama huna uhakika. Beba kadi ya kliniki hata unapokwenda kung'oa jino au kufungwa bandeji. Kisha uliza: picha hii inatafuta nini, na je, kuna njia isiyo na mionzi au inayoweza kusubiri nijifungue? Kama jibu ni kwamba inahitajika sasa, kubali. Ukiletewa aproni ya risasi ya kuzuia mionzi, ivae. Usipoletewa, usidhani umetelekezwa. Tangu mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kimeshauri kuachana na desturi ya kumfunika kila mgonjwa, kwa sababu kinga kubwa ni kuubana mwale uelekee panapotakiwa tu, na aproni ikikaa vibaya inaziba picha na kulazimisha ipigwe upya.

Iwapo ulipigwa picha kabla hujajua kuwa umebeba mimba, usikimbilie duka la dawa wala kwa shoga yako mwenye dawa za kutoa. Rudi palepale ulipopigwa, na fomu yako, uombe wakukadirie mtoto alipata kiasi gani. Mara nyingi sana utaambiwa uende nyumbani ukalale usingizi. Na kama aliyelazwa ni mtoto wako mdogo na unatakiwa kumshika wakati wa eksirei, sema una mimba ili amshike baba au shangazi. Ukishajifungua, fahamu pia kwamba eksirei haiharibu maziwa. Mashine ikizimwa hakuna mionzi inayobaki mwilini.

Baba wa nyumba, mama mkwe, dada mkubwa: ninyi ndio mnaoshika nauli na ndio mnaosikilizwa. Ile ultrasaundi ya kabla ya wiki ya 24 isingoje mpaka miguu ivimbe. Na daktari anapoagiza picha, msiwe wa kwanza kuikataza. Nendeni pamoja na mjamzito, mkae naye chumbani anapoelezwa, na kama hamkuelewa ulizeni tena. Daktari mzuri hachukizwi na swali.

Wauguzi, matabibu na ninyi wataalamu wa mionzi, ombi langu kwenu ni dogo, nalo halihitaji bajeti. Msiulize koridoni. Mwiteni ndani, fungeni mlango, mpumzisheni mama mzazi nje kwa dakika moja, kisha badilisheni swali. "Huna mimba, eti?" linadai jibu la hapana. "Siku zako za mwisho ziliingia lini?" linamfanya mtu ahesabu. Pasipo uhakika, kipimo cha mkojo kipo hata kwenye zahanati ndogo, na jibu lake hutoka dakika chache. Na mkishajua ana mimba, msimrudishe nyumbani mikono mitupu. Mpigieni simu daktari aliyeagiza, mkubaliane, mwandike mlichokubaliana. Kumwambia mjamzito "sisi hatupigi wenye mimba" na kumfungia mlango si kumkinga. Ni kumwachia mzigo ambao nyinyi mlisomea kuubeba.

Waganga wakuu, wamiliki wa vituo binafsi na wajumbe wa bodi za hospitali: bandikeni tangazo la Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwenye mlango wa eksirei na kwenye vyoo vya wanawake, mahali ambapo mtu husoma akiwa peke yake. Maneno haya yanatosha: "Kama una mimba, au siku zako zimechelewa, tuambie kabla ya kupigwa picha. Tutazungumza faragha. Hutanyimwa huduma." Tanzania, leseni za mashine za mionzi ziko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na Kenya ziko chini ya mamlaka iliyoundwa na Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019. Kituo chenye leseni hai hakina sababu ya kuificha, na mteja ana haki ya kuiulizia. Wakumbukeni pia watumishi wenu. Mtaalamu wa mionzi akishatoa taarifa kuwa ni mjamzito, kanuni za kimataifa zinataka mtoto wake asipokee zaidi ya milisiveti 1 (kipimo kingine cha mionzi) kwa muda wote uliobaki wa mimba. Kumpangia kazi upya bila kumnyanyasa ni wajibu wa mwajiri. Akiogopa kupoteza posho, naye ataficha kama yule binti.

Watangazaji wa redio za jamii, mashekhe, wachungaji, viongozi wa vikoba: ninyi mnafika ambako bango halifiki. Katika kipindi chenu kijacho, hotuba yenu ijayo au kikao chenu kijacho, mwiteni mkunga au mtaalamu wa mionzi wa karibu, mumpe nusu saa, na wanawake wapewe ruhusa ya kuuliza kwa vikaratasi bila majina. Maswali yatakayotoka yatawashangaza, na mengi yatakuwa na jibu la kutuliza moyo.

Nawe msomaji uliyefika hapa, bila shaka unamjua mjamzito mmoja, awe mkeo, jirani, mwanafunzi wako au mtu anayekuuzia nyanya. Mwambie wiki hii mambo mawili, kwa pamoja, maana moja bila lingine halitoshi: aiseme mimba yake kila anapofika hospitali, na asiikatae picha aliyoelezwa sababu yake akaielewa.